Siku Nilipotia Kumbikumbi Mfukoni Ukweni

Najua Ndirangu ameshawahadithia, maana tangu siku ile hakuna mtu ninayemuuzia dawa ya kupe hapa Kitale asiyeniangalia suruali kwanza ndipo aniangalie uso. Lakini Ndirangu huongeza chumvi (amewaambia ati nilipanda mti, sikupanda mti, nilishika tu mti), kwa hivyo afadhali mnisikie mwenyewe. Ni kweli. Mama mkwe wangu ameniona na boxer, mchana kweupe, uani kwake, trei ya chai ikiwa mkononi mwake. Haya, chekeni mmalize, kisha mniache niseme.

Mimi, kama hamjui, nauza dawa za wadudu. Nina agroveti ndogo barabara ya kwenda Kipsongo, na mwaka mzima kazi yangu ni kuwaambia watu vile mdudu atawamaliza: kupe atamaliza ng'ombe, viwavi watamaliza mahindi, viroboto watamaliza usingizi, na nikiona mkono wa mteja bado haujafika mfukoni namgeuzia habari ya viini, vile viko kwa noti, kwa mlango, kwa shati lake mwenyewe, mpaka anatoka hapo amebeba chupa mbili na hajigusi. Nyumbani kwangu Kiminini ni hivyo hivyo. Sanitaiza mlangoni, sanitaiza chooni, sanitaiza imefungwa kwa kamba kwenye pikipiki. Mgeni akininyooshea mkono namnyooshea chupa. Buibui akitandika utando wake kwangu jioni, asubuhi ni marehemu. Mke wangu Nekesa aliyavumilia haya yote, siku moja tu ndiyo nilimsikia akimwambia dada yake kwa simu, "Mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na pampu ya kupulizia," nami (mjinga hana dawa) nikaona nimesifiwa.

Sasa Nekesa ni mtu wa Bungoma, upande wa Misikhu, na huko kwao mvua kubwa za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakianza kuruka, watu hawachukui ufagio kama sisi tulivyolelewa. Wanachukua bakuli. Wenyewe wanaziita chiswa, wanazila mbichi, wanazila za kukaanga, wanazianika, na mtu aliye mbali anatumiwa zake kama vile mwingine angetumiwa asali. Basi mama yake akatega, akaanika, akakaanga na chumvi, akajaza mkebe wa majani ya chai hadi juu, akampa mtu amletee bintiye. Asubuhi mimi natafuta sukari kabatini, nafungua mkebe, naona vichwa. Mkono wangu ukafanya kile unachojua. Nilipulizia dawa ya mende ndani ya mkebe mpaka vikaogelea.

Nekesa alikuja na kikombe chake mkononi, akanusa, akatazama.

"Umempulizia mama yangu dawa ya mende?"

"Si mama yako," nikasema, "ni wadudu."

Na hapo mtu mwenye akili angefunga mdomo. Mimi nikaongeza, tena kwa kicheko, ati nyinyi watu wa Bungoma hata inzi akitiwa chumvi mtamla. Alimwaga ule uchafu, akauosha mkebe kwa sabuni, akaukausha kwa kitambaa polepole kama ana siku nzima, akautia kwenye mkoba pamoja na nguo zake, akaenda kwao.

Nilidhani ni hasira ya siku mbili. Kumbe sivyo. Nikipiga simu anasema neno moja tu, "Ongea na khocha," yaani mjomba wake, mzee Barasa, ndugu ya mama yake, ambaye tangu baba yake afariki ndiye anayesimamia boma. Nikampigia mzee. Akaniambia nije Jumamosi, yatazungumzwa siku hiyo na yataisha siku hiyo, ama nirudi na mke ama nirudi bila mke. "Na usikuje peke yako kama mwizi," akasema, "kuja na mwenzako." Nikamchukua Ndirangu, anayetengeneza pampu hapo kando ya duka langu, mtu ambaye ukimwambia kuna kuku hakuulizi ni wapi.

Nikavaa suti. Suti yenyewe ni moja, na mfuko wa kulia wa suruali una tundu, limechimbwa na funguo za duka, tundu ambalo Nekesa alikuwa ameahidi kulishona Jumapili ile, ila Jumapili ile alikuwa ameshafika Misikhu. Hata boxer niliyovaa elastiki yake ilikuwa imechoka, nimeifunga fundo kando. Mwanamume akiachwa huanza kulegea kuanzia ndani, na nani angeona? (Shikeni hilo swali.)

Tulifika mvua imetoka tu kupiga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu, majirani wamekifunika kwa matawi na blanketi kuukuu ili kuwe na giza, wamechimba kishimo pembeni, na wamekaa hapo wanagonga vijiti viwili viwili juu ya ubao mkavu, ko-ko-ko-ko, bila kupumzika, kwa sababu kumbikumbi akisikia hivyo anadhani mvua imerudi, anatoka, anaangukia kishimoni. Nikamnong'onezea Ndirangu, "Ona watu wazima na ndevu zao wanadanganya wadudu ati kunanyesha." Nilicheka puani. Ndirangu hakucheka, alikuwa ananusa jikoni.

Tukakaribishwa sebuleni. Mama mkwe hakuja kutusalimia, wala sikutegemea, kwa sababu kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, akija huku wewe unapita kule, na akitaka kukwambia neno anamtuma mtu ama anasema kwa sauti akiwa jikoni kana kwamba anaongea na sufuria. Ni heshima. Tangu nimuoe binti yake nilikuwa nimeona leso yake mara chache tu ikipotelea pembeni mwa nyumba, na kusema ukweli desturi hiyo ndiyo peke yake niliyoipenda huko, maana haina kushikana mikono.

"Habali ya Kitare, mkwe?" mzee Barasa akaanza.

"Nzuri, mzee."

"Sisi hatuna maneno mingi. Huyu mtoto alisema uliita chakula ya mama yake wadudu, ukamwagia dawa. Ni ukweli ama si ukweli?"

"Ni kweli mzee, lakini mimi kwa kazi yangu—"

"Basi." Akainua mkono. "Si uliita wadudu? Chiswa ziko, zimetoka saa hii. Utakula na sisi. Ukikula, hiyo maneno imeisha, chukua bibi yako muende. Ukikataa, tutajua ile ulisema ndiyo iko kwa roho yako, na huyu mtoto atabaki hapa. Hatutakuita tena."

Nekesa mwenyewe ndiye aliyeleta bakuli. Aliliweka mbele yangu bila kuniangalia, akarudi kusimama mlangoni, na mkoba wake niliuona pale chini ukutani umeshafungwa tayari. Yaani mtu alikuwa tayari kurudi! Alichotaka ni nile tu. Nikatazama ndani ya bakuli. Jamani. Walikuwa hai. Mabawa yanapigana, matumbo yanang'aa mafuta, na katikati yao wale askari wenye vichwa vikubwa vyekundu na meno mbele kama koleo, ambao hata mtoto wa huko huwatoa kwanza kabla hajala, lakini mimi mtaalamu wa wadudu wa Kitale nzima hakuna aliyenidhania sijui, na mimi sikujua. Mzee akachukua mmoja, akang'oa mabawa, akatupia mdomoni, tap. Ndirangu akachukua watatu.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana. Nilichukua mmoja, nikang'oa mabawa nikayaweka mezani yaonekane, nikapeleka ngumi mdomoni, nikatafuna hewa, na ngumi ikashuka taratibu hadi mfuko wa koti. Hakuna aliyeona. Nikasema, "Mmh! Tamu!"

Sijui ni nani alinituma kusema tamu. Mzee Barasa uso ukamfunguka, akasema, "Aa! Si unaona? Huyu ni mtu wetu!" akachukua kikombe, akachota, akanimwagia sahani yangu peke yangu mlima mzima. Nikatafuna hewa tena. Natafuna, nameza mate, nasifu, napeleka mfukoni, na kila nikipunguza anaongeza, ati nakula kuliko hata marehemu shemeji yake, na nyuma ya nyumba vijiti vinaendelea ko-ko-ko, yaani bidhaa haiishi. Katikati, chini ya meza, najipaka sanitaiza vidoleni (mara kadhaa, sijivunii), kisha vidole hivyo hivyo vimelowa spiriti vinarudi mfukoni kuwaongezea wenzao wageni. Mfuko wa koti ukajaa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungekula hata mmoja, najua, ungefumba macho umeze. Mimi nikahamia mfuko wa suruali. Wa kulia.

Sahani ikabaki nyeupe. Mzee akapiga kofi moja la furaha, akasema maneno yameisha, Nekesa achukue mkoba, tusimame tuombe watu wasafiri. Nekesa akainama akachukua mkoba wake, na aliponyanyuka akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, jicho laini kabisa, nami nikajisikia shujaa, nikasema moyoni kumbe hawa watu ni rahisi hivi.

Nikasimama. Na mtu akisimama, suruali inanyooka, na mfuko unabanwa, na walio ndani wakibanwa wanatafuta mlango.

Wa kwanza nilimsikia akishuka pajani, anatembea tu, anaangalia mtaa. Wakafuata wengi. Mzee alikuwa ameanza kushukuru kwa mvua. Alipofika kwa wagonjwa, askari wa kwanza akaning'ata, na yule mdudu haumi akaachia, anauma akabaki hapo, hata ukimkata kiwiliwili kichwa kinaendelea na kazi. Nikasema, "Amina!" Mzee akadhani nimeguswa, akapandisha sauti. Akauma wa pili, juu zaidi. "Amina! Amina, Baba!" Mzee akaanza kuombea serikali. Ndirangu alifungua jicho moja akanitazama ninavyokunja mguu. Na wa tatu akafika mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa, nikapiga kelele nisiyoweza kuirudia hapa, nikapita kati ya mzee na mlango, mkanda tayari uko mkononi, na nilipokanyaga uani suruali ilikuwa magotini.

Naye mama mkwe wangu, baada ya kusikia amina nyingi namna ile, alidhani sala imekwisha, akatoka jikoni na trei ya chai aiache kizingitini kabla hatujatoka.

Tukaonana. Yaani sisi wawili ambao hatujawahi kushikana mkono, tukaonana pua kwa pua, yeye na trei yake, mimi na boxer yangu ya fundo.

"Papa wange!" akalia, yaani baba yangu, trei ikaenda chini, vikombe vikapasuka, akajifunika leso kichwa kizima, akageuka, akakaa chini palepale amenipa mgongo. Mimi hapo siwezi kusimama, siwezi kukimbia, nimeshika mti wa parachichi kwa mkono mmoja (kushika, Ndirangu, kushika!) na kwa mkono mwingine nakung'uta suruali. Basi chiswa zikaanza kumwagika. Zilimwagika kutoka kwa mfuko, kwa miguu ya suruali, kwa koti, wengine bila mabawa, wengine na mabawa yao kwa sababu mwishoni nilikuwa nimechoka kuyang'oa, na kuku wakaja mbio kutoka kila pembe ya boma.

Vijiti vikanyamaza kule nyuma. Watu wakaja. Mzee Barasa akasimama mlangoni, akatazama chini, akanitazama, akatazama chini tena.

"Mkwe. Hizi zimetoka wapi?"

Nikamjibu jibu ambalo mpaka leo likinijia barabarani huwa nasimamisha pikipiki. Nilimwambia, "Ni zenu, mzee. Nilikuwa nimewawekea."

"Alikuwa anatia mfukoni tangu mwanzo," akasema Ndirangu, rafiki yangu wa dhati, mdomo bado umejaa. "Mimi nilifikiri anabebea watu wa Kitale."

Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, na hilo sikulijali sana. Kilichonimaliza ni Nekesa. Hakucheka. Alinitazama pale mtini, kisha akauweka mkoba chini, taratibu, mahali pale pale ulipokuwa. Hapo ndipo nilipoona aibu. Kuvuliwa na wadudu ni kitu kidogo. Mtu alikuwa ameniamini kwa muda wote wa sala moja, na nilikuwa nimemlaghai na mfuko mbovu ambao ni yeye huushona.

Wakanirudisha sebuleni nimefungwa leso ya maua kiunoni. Mzee Barasa hakuwa anazungumza nami tena, alizungumza na ukuta. Aliuambia ukuta kwamba mtu aliyekataa chakula wazi ni afadhali, lakini huyu amekuja kudanganya chakula, na akaidanganya mpaka sala. Akasema twende zetu, mimi na mwenzangu. Nikajaribu kusema pole. Akasema pole sana pia kwangu, na mlango ni ule.

Tulikuwa tumeshasimama, sauti ikatoka jikoni, kubwa, inaongea na sufuria.

"Mwambieni huyo mtu angoje! Hawezi kutoka kwangu na njaa. Si hajakula kitu?"

Tukakaa. Tukasikia mafuta yakichemka, na harufu ikaingia, harufu nzuri, nasema bila kupenda. Kisha Nekesa akaja na sahani moja, akaiweka mbele yangu. Ndirangu alinyoosha mkono, akapigwa kofi la kiganja.

"Mama amesema ameziokota zote zile kuku wameacha," Nekesa akasema. "Amekaanga na chumvi. Na amesema nikwambie usiogope viini. Kama kuna viini hapo, vimetoka kwa suruali yako."

Majirani walikuwa wamejaa dirishani. Hebu fikirini, mimi, ninayeogopesha watu kwa kazi, nimewekewa sahani ya wadudu waliotembea pajani mwangu, na katika Bungoma yote hakukuwa na mtu mwenye viini ninavyovijua vizuri kuliko hivyo. Nilitazama sanitaiza yangu pale chini ya meza. Nikamtazama Nekesa. Alikuwa ameusogeza mkoba kidogo kwa mguu, hakuuchukua, aliusogeza tu.

Nikala. Mkono juu, kidole na kidole, kila mmoja aone, bila hewa. Nilikula mpaka chumvi ya mwisho kwenye sahani. Na ubaya wa yote, zilikuwa tamu, kwa kweli, tamu ya karanga na mafuta, na nikaona nimeishi miaka yote nikiwauzia watu dawa ya kuua kitu kitamu kuliko nyama ninayonunua Kiminini.

"Fungua mdomo," akasema Nekesa.

Mimi ndiye huwafundisha wateja namna ya kumshika mbuzi taya na kuhakikisha amemeza dawa ya minyoo. Nikafungua mdomo. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, chini ya ulimi.

"Amemeza," akawaambia.

Mzee Barasa akarudi kuongea nami, lakini kwa ufupi. Akasema ile ya mama mkwe kuniona vile haioshwi na pole, nitaleta kondoo, na blanketi nzito ya huyo mama, nzito sana, ya kutosha kujifunika uso siku nyingine nikija. Kutoka jikoni sufuria ikasema, "Na vikombe!" Nikakubali na vikombe. Nekesa akachukua mkoba wake.

Nyumbani ilibidi vichwa viwili vya askari viondolewe, vilikuwa bado vimeshika, na sitasema wapi. Nekesa alivitoa kwa kucha, kisha akanimiminia sanitaiza yangu mwenyewe kwenye vidonda, nyingi, kwa mkono mkarimu, ili viini visije vikanimaliza. Majirani wa Kiminini walinisikia. Nimeapa tangu siku ile, nikikaribishwa chakula nitakula ama nitasema siwezi, mkono wangu ukae juu ya meza, na masika yakifika mimi ndiye ninayempigia simu mzee Barasa kumuuliza kama kichuguu kimeamka. Mcheke mnavyotaka.

Jumatatu nikavaa ile suruali niende kazini, nikataka kutia funguo za duka mfukoni, mkono ukagonga kitambaa. Nekesa alikuwa ameshona tundu, kama alivyoahidi, kisha akaendelea, akashona na midomo ya mifuko, yote miwili, kwa uzi wa gunia. Nikamuuliza sasa funguo nitaweka wapi. Alikuwa anamimina chai, hata hakugeuka.

"Weka mdomoni," akasema.